Kila elimu ina ulizo lake: uchunguzi wa wasomi katika Masisi na Walikale

Watu wengi wakisikia kwamba mutu fulani anafanya uchunguzi wa elimu, wanafikiri mara moja koti nyeupe na chupa za kemia. Wengine wanafikiri mugeni mwenye daftari anayezunguka vijijini akiuliza wazee majina ya babu zao. Wote wawili ni wachunguzi kweli, lakini kazi yao si moja, wala ushuhuda wanaoutafuta si wa namna moja. Kila elimu ina ulizo lake, ina vyombo vyake, ina namna yake ya kuhakikisha. Asiyejua hayo atamuomba mutu wa kemia jibu ambalo kemia haina, kisha atamucheka mutu wa historia kwa sababu hana mizani. Katika Masisi na Walikale kosa hilo halikubaki kosa la darasani tu, na ndiyo sababu ninachukua mifano yangu huko.

Tuanze Sake, mahali barabara ya Goma inapoingia Masisi. Hapo, na kandokando ya ziwa Kivu mpaka karibu na Goma, kuna mabonde madogo katika mawe ya volkano ambamo asubuhi unakuta mbuzi amekufa, ao ndege, ao hata mutoto. Hakuna kidonda, hakuna damu. Wenyeji wanaita kitu hicho mazuku. Wengine wamesema ni pepo, wengine kwamba ni kazi ya mulozi. Na tunajua sisi sote kwamba neno mulozi likitamkwa kilioni, halikawii kupata jina la jirani.

Mutu wa kemia haulizi nani ameua. Anauliza hewa hii imefanywa na nini. Anapima, na anakuta gazi kaboniki, ile ile tunayotoa katika pumzi yetu, lakini nyingi kupita kiasi. Gazi hiyo ni nzito karibu mara moja na nusu kupita hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala chini kama maji katika beseni. Mbuzi anakufa, na mutu mukubwa aliyesimama kando yake anaweza kupona. Mutoto anapatwa mbele, na mulevi aliyelala chini vilevile. Asubuhi mapema, bila upepo, ni saa mbaya. Jua likipanda na upepo ukivuma, hatari inapungua. Mutu wa jeolojia anashika ulizo lingine: inatoka wapi? Inapanda toka chini, kwa nyufa za inchi ya volkano. Mwaka 2010 Benoît Smets na wenzake walitoa maandiko juu ya mazuku ya sehemu za Goma na hatari yake. Kazi ya namna hiyo si mapambo. Mwaka 2023 maelfu ya wakimbizi, wengi wao wa Masisi, walijenga vibanda vyao Bulengo, magharibi ya Goma, katika inchi ile ile yenye mazuku. Kujua bonde gani ni baya lilikuwa jambo la uzima na kifo.

Angalieni tena neno lenyewe. Wasomi wa Ulaya wamelichukua jinsi lilivyo, wanaandika "mazuku" katika vitabu vyao na kueleza kwamba ni Kiswahili, maana yake upepo mubaya. Mutu wa elimu ya lugha anasimama hapo na kuuliza: Kiswahili cha nani? Mutu wa Unguja ukimuambia mazuku hatafikiri gazi inayoua. Basi neno lina njia yake katika lugha za huku kwetu, na njia hiyo haipimwi kwa chombo cha kemia. Inatafutwa kwa kulinganisha lugha na lugha, sauti na sauti.

Kisha mama wa mutoto aliyekufa anakuja kwa padri. Anauliza kwa nini mutoto wake. Kemia imejibu namna gani alikufa, hilo halikujibu. Padri anayemupa somo la gazi tu, amemuacha peke yake na ulizo lake. Lakini padri ao katekista anayeacha kemia pembeni na kusema mambo ya pepo, huyo amemutia jirani asiye na kosa katika hatari. Yatupasa kujua yote mawili, na kutoyachanganya.

Kutochanganya huko tulifundishwa na padri mwenzetu. Georges Lemaître, padri Mubelgiji, mwalimu wa Louvain, alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 kwamba ulianza katika hali moja ndogo iliyokazana sana. Mwaka 1951 Papa Pio XII alisema mbele ya wasomi wa Akademia yake kwa namna iliyokaribia kufanya elimu hiyo kuwa ushuhuda wa uumbaji. Wengine wangefurahi. Lemaître hakufurahi. Kwake, hesabu zake zilikuwa hesabu za nyota, na imani juu ya Muumba haikuzihitaji wala haikuziogopa. Mutaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulikubali vilevile kwamba vitu vya dunia vina sheria zao, na kwamba anayezichunguza kwa unyofu hampingi Mungu.

Tuingie sasa porini, Walikale. Huko kuna ngagi wa Grauer, ambaye hapatikani inchi nyingine yoyote ila mashariki ya Kongo. Muchunguzi wa wanyama anataka kujua wamebaki wangapi. Lakini utahesabuje munyama anayekukimbia? Unahesabu vitanda vyake, kwa kuwa kila jioni ngagi anajitengenezea kitanda kipya cha majani. Unapita kwa mistari iliyonyooka porini, unaandika vitanda, unapima umri wake, kisha unafanya hesabu. Mwaka 2016 Andrew Plumptre na wenzake walitoa hesabu ya ngagi 3,800, hali katika miaka ya 1990 walikadiriwa 16,900. Dunia ikashituka. Mwaka 2021 wakatoa hesabu mpya: 6,800. Je, ngagi walizaa upesi hivyo? Hapana. Wachunguzi walifika sehemu zingine za pori na kurekebisha hesabu yao. Nimesikia watu wakicheka kwamba wasomi hawajui wanachosema. Mimi naona kinyume chake. Elimu ya kupima inaendelea kwa kujisahihisha mbele ya watu wote. Anayebadili hesabu kwa sababu ameona vitanda vipya anafanya kazi yake vizuri. Hata hesabu ya pili ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanyama hao wamepotea, na wawindaji wa pori la Walikale waliwatangulia wasomi wote kujua hivyo.

Juu ya mawe nitasema machache. Wajerumani wa idara ya jeolojia ya Hannover wamepata namna ya kutazama punje za koltani na kutambua imechimbwa sehemu gani, kwa kuwa kila mulima una muchanganyiko wake. Punje ya Rubaya, Masisi, inaweza kujulikana mbali na kwao. Ni kazi ya ajabu. Lakini punje haitasema aliyeichimba alilipwa nini, ao kama alisimamiwa na bunduki. Hilo linatafutwa na watu wa sheria na wa uchumi, na hao wanapaswa kuketi na wachimbaji na kuwasikiliza.

Katika Walikale hiyo hiyo, mwaka 1956, Daniel Biebuyck, Mubelgiji muchunguzi wa desturi za watu, alimukuta muzee Munyanga jina lake Rureke. Muzee huyu alijua karisi ya Mwindo, masimulizi marefu ya kuimbwa, ya kusemwa na ya kuchezwa. Aliitoa kwa siku kumi na mbili. Ikaandikwa katika Kinyanga, na mwaka 1969 ikatolewa kitabu huko Marekani, kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Munyanga mwenyewe, ambaye baadaye alijulikana kama musomi wa lugha za Afrika. Ninataja jina lake kwa kusudi. Watu wengi wanataja la muzungu tu.

Hapa mizani haina kazi, lakini uchunguzi haukosi ukali. Mutu wa lugha anasikiliza sauti ya juu na ya chini, kwa kuwa katika Kinyanga sauti ikibadilika maana inabadilika. Muchunguzi wa desturi anauliza kwa nini Shemwindo anakataza wake zake wasizae mutoto mwanaume: ni jambo gani la urithi wa ufalme lililofichwa hapo? Mutu wa fasihi anauliza kipi ni cha Rureke mwenyewe na kipi ni cha Wanyanga wote. Na jibu halipatikani kwa karisi moja. Lilianza kupatikana mwaka 1978, Biebuyck alipotoa karisi nyingine tatu za kulinganisha.

Na mutu wa teolojia? Mwindo anashuka chini ya inchi, kwa Muisa, akimutafuta baba yake. Baadaye Nkuba, mwenye radi, anamupandisha juu, anateswa huko kwa baridi na kwa jua, na kurudi amefundishwa namna ya kutawala bila kujisifu. Katekista mwenye haraka atasema Muisa ni shetani, na kwake ni motoni. Polepole. Mbele ya kutafsiri, sharti kujua neno lina maana gani kwao lilikotoka. Mafundisho mengi yetu yamechukua neno la wenyeji na kulivalisha maana ngeni, nao wakristu wamebaki na maana mbili kichwani bila kutuambia.

Sasa jambo zito kupita yote. Katika Masisi ulizo la nani alifika mbele limebebwa na watu wenye panga na bunduki. Mwezi wa tatu 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na tangu hapo vita vimerudi mara nyingi. Muchunguzi wa historia hawezi kurudisha mwaka 1937 katika chupa aujaribu tena. Ana maandiko na masimulizi, basi. Maandiko yanaonyesha kwamba tangu 1937 mpaka 1955 serikali ya Wabelgiji ilikuwa na kazi iliyoitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, iliyochukua watu Rwanda na kuwaweka Masisi, kwa ajili ya wingi wa watu na njaa huko, na pia kwa sababu mashamba ya wazungu yalitaka wafanyakazi. Anayesema hakuna aliyeletwa, karatasi zinamukatalia. Anayesema wote wenye kusema Kinyarwanda katika Kivu Kaskazini waliletwa hivyo, anakataliwa vilevile, kwani huko Rutshuru wengine walikuwako mbele ya mupaka wa wazungu kukatwa. Tena karatasi yenyewe iulizwe: nani aliiandika, na alitaka nini? Serikali ilihesabu sehemu kubwa za inchi kuwa hazina mwenyewe. Wazee Wahunde waliojua kila kilima ni cha ukoo gani hawakushika kalamu. Kwa hiyo masimulizi yao yanapaswa kusikilizwa, na ya familia zilizohamishwa pia, na yote kulinganishwa.

Hapo historia inafika mupaka wake. Inaweza kusema nani alihamishwa mwaka gani. Nani ana haki ya kuishi Masisi leo, hilo ni ulizo la sheria na la maadili, na mutoto aliyezaliwa huko halijibu kwa karatasi ya babu yake. Mwalimu anayepanda mimbarini na historia ya ukoo wake kana kwamba ni Injili, anachanganya elimu mbili, na katika Masisi damu imemwagika kwa muchanganyiko huo.

Mutaniambia kazi hizi ni za maprofesa. Stefano Kaoze alikuwa angali musemineri Baudouinville alipoandika juu ya mawazo ya Wabantu, maandiko yaliyotolewa katika La Revue Congolaise mwaka 1910 na 1911. Alipata upadri mwaka 1917 tu. Vincent Mulago, padri wa Bukavu, aliendelea njia hiyo Roma na Kinshasa. Wasemineri wa leo wanaoenda likizo Masisi, Walikale ao Pinga wana wazee ambao mugeni hatawapata. Wakiandika, waandike maneno yenyewe katika lugha yenyewe, si muhtasari wa Kifaransa. Waandike siku, muji, umri wa musemaji, ukoo wake, na nani wengine walikuwa wakisikiliza, kwani muzee hasemi sawasawa mbele ya watu wote. Wazee wawili wakipingana, yaandikwe yote mawili bila kuyapatanisha. Waombe ruhusa, na jina la musemaji lisitolewe kama linaweza kumuletea hatari. Nakala moja ibaki parokiani.