Je, Wajua? Bodi Nzima Inaposema Ndiyo

Je, wajua kwamba mwaka 2007 Royal Bank of Scotland iliongoza ununuzi wa benki ya Uholanzi, ABN AMRO, kwa takriban euro bilioni 71, na bodi yake ikaupitisha kwa kauli moja?

Na wajua walikagua nini kabla ya kununua? Ripoti ya mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza, iliyotoka Desemba 2011, inasema taarifa walizopewa zilikuwa mafaili makubwa mawili na sidii moja. Hiyo ni kwa benki yenye shughuli katika nchi zaidi ya 50!

Kipande walichokitamani zaidi, benki ya LaSalle ya Chicago, kilikuwa kimeshauzwa kwa Bank of America. Hapo ndipo mtu mmoja alipopaswa kuuliza: sasa tunanunua nini? Septemba 2007, wateja wa benki ya Uingereza ya Northern Rock wakapanga foleni barabarani kutoa akiba zao. Oktoba, ununuzi ukakamilishwa. Wanahisa nao walikuwa wamefuata mkumbo: zaidi ya asilimia 90 ya kura ziliunga mkono.

Hasara ya Royal Bank of Scotland ya mwaka 2008 ilifika pauni bilioni 24.1. Serikali ya Uingereza ililazimika kuingiza pauni bilioni 45.5, fedha za walipa kodi ambao hawakuwahi kuulizwa lolote.

Je, wajua kwamba Swissair, shirika la ndege la Uswisi lililokuwa likitua hadi Nairobi na Dar es Salaam, liliitwa "benki inayoruka" kwa ukwasi wake? Mwaka 1995 lilinunua asilimia 49.5 ya Sabena ya Ubelgiji, kisha hisa katika mashirika ya Ufaransa, Ujerumani, Poland na Afrika Kusini, mengi yakiwa hoi kifedha. Tarehe 2 Oktoba 2001 ndege zake hazikuruka, kwa kukosa fedha taslimu za mafuta. Mwezi uliofuata Sabena nayo ikafilisika.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia Irving Janis alieleza kinachotokea katika vikao vya maamuzi ya aina hii: kila mmoja anameza shaka yake akidhani wenzake hawana. Kimya kinahesabiwa kuwa kura ya ndiyo. Dawa aliyopendekeza ni mwenyekiti kutotoa msimamo wake mapema, na mjumbe mmoja kupewa kazi rasmi ya kupinga.

Sauti moja inatosha? Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu walikubali jibu lililo wazi kuwa si sahihi kwa sababu tu wenzao wote wamelisema. Alipopatikana mmoja wa kusema ukweli, waliofuata mkumbo walipungua sana.

Tatizo jingine ni malipo: mara nyingi mshauri wa ununuzi hulipwa fedha nyingi dili likifanikiwa. Ndiyo maana mwekezaji Warren Buffett, katika barua yake ya mwaka 2009 kwa wanahisa, alishauri bodi ziajiri mshauri wa pili wa kutetea upande wa kutonunua, naye alipwe tu iwapo dili litavunjika.