Orodha, seti na ramani: neno «paa» katika lugha ya Java

Mtafiti anayekusanya maneno kwa kompyuta hana budi kuchagua chombo cha kuyawekea. Lugha ya Java, katika toleo la 1.2 la mwaka 1998, ilipata violesura vya mikusanyo: List, Set na Map, ambavyo hapa tunaviita orodha, seti na ramani. Kiolesura si chombo chenyewe, bali ni ahadi ya namna chombo kitakavyotenda.

Tuchukue sentensi «paa alipanda juu ya paa». Orodha itahifadhi maneno matano kwa mfuatano wake. Seti itabaki na manne, kwani haikubali viwili vilivyo sawa. Wala haiahidi mfuatano. Anayehesabu msamiati ataridhika. Anayehesabu matumizi amekwisha kupoteza mnyama au nyumba, na programu haikusimama. (Kwa kweli seti hujibu kwamba haikuongeza kitu, ila ni wachache wanaolisikiliza jibu hilo.)

Hatari kubwa zaidi imo katika ramani, inayounganisha ufunguo na thamani yake. Tukiandika chini ya ufunguo «paa» maana ya swala mdogo, kisha tukaweka ile ya kifuniko cha nyumba, ya kwanza hufutwa. Tukiendelea na kwenda juu angani, halafu kuondoa magamba ya samaki, kamusi yetu itamjua mvuvi peke yake. Dawa yake ni nyepesi: thamani ya kila ufunguo iwe orodha ya maana. Kwa nini orodha, si seti? Kwa sababu mtunga kamusi hupanga maana kwa makusudi, na kati ya violesura hivi vitatu ni orodha iliyoahidi kuutunza mpango huo.