Aveba: Adui anayeeleza mtego wake na thamani ya dakika chache

AVEBA, Irumu – Wanaume wawili wamefungwa kamba na kulazwa chali juu ya mabati makubwa ya kukaangia. Wamepakwa margarini mwili mzima, ile ambayo jikoni nyingi huitwa Blue Band tu. Juu yao zimesimamishwa lenzi kubwa kama magurudumu ya lori, na jua linapita ndani yake likiwashukia moja kwa moja. Mwanamke aliyewatega anafurahia kazi yake, anawaeleza kinachowangoja, halafu anakwenda zake. Hangoji kuona kama wameiva.

Anayeona jambo hilo kwa mara ya kwanza hucheka, kisha huuliza swali ambalo kila mtoto huuliza: kwa nini hakuwapiga risasi, amalize?

Mtego huo ni wa Catwoman, mwanamke-paka, katika mfululizo wa televisheni wa Batman, uliorushwa Marekani na chaneli ya ABC tarehe 14 mwezi wa tisa 1966. Umepita miaka mingi, na filamu za mashujaa wa siku hizi zina moto na kelele kuliko ule. Lakini mitego yake ya ajabu haijasahaulika. Kwa mtu wa Aveba, katika usultani wa Walendu Bindi kusini mwa Bunia, swali la mtoto lina uzito wake. Hapa watu wanajua adui wa kweli anavyofanya kazi. Pengine ndiyo sababu wana haki kuliko wengine ya kumcheka adui asiyejua kuua.

Kazi kubwa kwa jambo dogo

Batman ilianza tarehe 12 mwezi wa kwanza 1966 na ikaisha tarehe 14 mwezi wa tatu 1968, baada ya sehemu 120. Adam West alicheza Batman, tajiri anayevaa kofia yenye masikio ya popo ili kupambana na wahalifu wa mji wa Gotham. Burt Ward alicheza Robin, kijana mwenzake. Maadui walikuwa wengi: Joker mwenye uso uliopakwa rangi nyeupe, Penguin mwenye miavuli, Riddler mwenye vitendawili. Catwoman alichezwa kwanza na Julie Newmar, na katika msimu wa mwisho na Eartha Kitt, mwimbaji Mweusi wa Marekani aliyejulikana dunia nzima.

Kila mmoja wao alikuwa na mtego wa namna yake. Joker alimlaza Batman katika mashine kubwa ya kuchonga funguo, ili achongwe kama ufunguo. Yeyote aliyewahi kumwona fundi wa funguo sokoni, mwenye tupa ndogo mkononi, anaelewa ukubwa wa kichekesho hicho. Adui aitwaye Bookworm, mpenda vitabu, alimfunga Robin ndani ya kengele kubwa ya mnara wa saa, mahali pa ule ulimi unaogonga. Mara nyingine aliwafungia mashujaa wote wawili ndani ya kitabu cha mapishi kikubwa kama nyumba, mvuke ukipanda. Na kuna siku Robin alimezwa na chaza mkubwa.

Mitego hiyo yote inafanana. Kwanza, inahitaji kazi nyingi mno kwa jambo dogo: fedha, mafundi, umeme na chumba kizima, ili kumaliza mtu ambaye tayari amefungwa mikono. Pili, mwenye mtego lazima aueleze. Tatu, mauti yake huja polepole. Nne, adui huondoka kabla ya mwisho, kana kwamba ana haraka ya kwenda harusini.

Kichekesho hicho kilipangwa, na kiliwezekana kwa sababu wachezaji hawakukicheka. Adam West alisema maneno yake kwa uso mkavu, kama mwalimu wa katekisimu. Angekonyeza jicho hata mara moja, mtego ungeanguka. Mtazamaji mdogo aliona hatari na mtazamaji mkubwa aliona mzaha, wote mbele ya kioo kimoja.

Usiku mmoja wa kungoja

Mitego ilikuwa na kazi nyingine, ya ratiba. Katika misimu miwili ya kwanza Batman ilionyeshwa Jumatano na Alhamisi. Jumatano hadithi ilikatika pale pabaya: bati linapata moto, chaza anafunga mdomo. Sauti ya msimulizi iliuliza kwa hofu ya kujifanya kama huu ndio mwisho wa mashujaa, kisha ikawaalika watu warudi kesho saa ileile, chaneli ileile. Sauti hiyo ilikuwa ya William Dozier, mtayarishaji mkuu mwenyewe.

Kwa watazamaji wa Ituri, msimulizi wa namna hiyo si mgeni. Filamu zilizosimuliwa na ma-VJ wa Kampala zimezoeleka katika kanda hii, na VJ hatafsiri tu. Anashangilia, anamtukana jambazi, anamwonya steringi aangalie nyuma. Nchini Uganda, filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga kwa fedha kidogo sana, imependwa mbali kwa sababu ya sauti ya VJ Emmie kama vile kwa risasi zake za kompyuta. Dozier alifanya kazi ya namna hiyo miaka zaidi ya arobaini kabla: alimshika mtazamaji mkono wakati shujaa yuko taabuni, na akamfanya acheke.

Msimu wa tatu ulipoanza mwaka 1967, Batman ilibaki na siku moja kwa wiki. Hadithi nyingi zikaanza na kuisha palepale. Mtego ukakosa usiku wake wa kungoja, na ule ukawa msimu wa mwisho. Zilikuwako sababu nyingine, gharama na watazamaji waliopungua, lakini aliyeona misimu yote anahisi kilichopotea. Mtego usiompa mtu muda wa kuhangaika ni chombo cha chuma tu.

Simba aliyeomba ushauri

Waswahili walikuwa na adui wa namna hii kabla ya televisheni. Katika hadithi ya Sungura na Simba, iliyoandikwa kutoka midomo ya watu wa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870, Simba anawakamata wezi wa asali yake. Anamshika Sungura, na badala ya kummeza anamwuliza jinsi ya kumla. Sungura anamfundisha amshike mkia, amzungushe, ampige chini. Simba anafanya hivyo, Sungura anachomoka, huyo, mbio. Baadaye Simba anamshika Kobe, naye anauliza vilevile. Kobe anamwambia amtie matopeni amsugue mpaka gamba litoke. Simba anasugua na kusugua, kumbe Kobe ameshateleza zamani.

Simba ana meno na makucha, hahitaji ushauri wa mtu. Lakini anataka ushindi wake uwe na utaratibu, na hapo ndipo anaposhindwa. Catwoman naye ni vivyo hivyo. Nguvu anazo na mateka anao, ila hatosheki na kushinda tu. Anataka aonekane ameshinda kwa akili. Majivuno yake ndiyo yanayompa mateka kitu pekee anachohitaji, yaani muda.

Jua linapofichwa

Batman anaokokaje kwenye bati la kukaangia? Mkanda wake, wenye kifaa kwa kila balaa, safari hii si wa msaada mkubwa. Kinachokuja ni kupatwa kwa jua. Mwezi unapita mbele ya jua, lenzi zinakosa mwanga, joto linashuka, na mashujaa wanapata nafasi ya kujinasua.

Watu wa Ituri wanaweza kulipima jambo hili kwa macho yao. Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2013, kivuli cha mwezi kilivuka Afrika ya kati kutoka Gabon, kikapita kaskazini-mashariki mwa Kongo, kikaingia Uganda. Huko Pakwach, upande wa pili wa mpaka wa Mahagi, jua lilifichwa lote kwa sekunde chache, na wageni walitoka nchi nyingi kuja kuliona. Kusini zaidi, upande wa Irumu, lilifichwa sehemu kubwa.

Wanaokumbuka jioni ile wanajua kwamba jua halizimwi kama taa. Mwezi huanza kulimega pembeni, na hupita kama saa nzima kabla halijafunikwa. Tena siku na saa ya kupatwa kwa jua huhesabiwa miaka mingi mbele. Kwa hiyo Catwoman alinunua lenzi, akatafuta mabati, akapaka margarini, lakini hakutazama kalenda. Kosa hilo ndilo uzuri wa mtego wake. Adui aliyepanga kila kitu ameshindwa na jambo ambalo mwanafunzi angeweza kumwambia.

Adui asiyeeleza

Mwaka uleule wa 2013, vita kati ya jeshi la taifa FARDC na wapiganaji wa FRPI viliwafukuza maelfu ya watu wa Walendu Bindi makwao. Aveba lilikuwa jina la vita kwa muda mrefu. Limetajwa mara nyingi katika mahakama ya CPI huko La Haye, kwa kuwa ndiko Germain Katanga, aliyekuwa mkuu wa FRPI, alikokuwa na kambi yake. Tarehe 7 mwezi wa tatu 2014 mahakama ilimtia hatiani kwa kusaidia uhalifu uliofanyika Bogoro tarehe 24 mwezi wa pili 2003, kisha ikamhukumu miaka 12 ya kifungo.

Washambulizi wa Bogoro walifika alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Hakukuwa na sauti iliyowaambia watu wangoje mpaka kesho saa ileile. Hakuna aliyesimama kueleza mpango wake. Familia za kila jamii katika Irumu zina asubuhi yao ya namna hiyo, na wengi walipona kwa sababu ndogo tu: mtu aliamka mapema, mbwa alibweka, jirani aligonga mlango. Dakika tano zilitenganisha waliofika porini na wasiofika.

Ndiyo maana mtego wa margarini si upuuzi mtupu kwa mtu aliyeishi hayo. Unamwonyesha dunia ambamo ubaya una mdomo mrefu na saa mbovu. Muuaji anapenda kusikilizwa, na mateka anapata usiku mzima wa kufikiri. Mtoto anayecheka mbele ya simu ya kaka yake, filamu ikiwa imetiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, hasemi kwamba majambazi ni watu wa kuchekwa. Anaonja kwa nusu saa jinsi ingekuwa kama wangekuwa hivyo. Na huenda anajifunza kitu cha kweli: hata mtego mkubwa umetengenezwa na mtu, una kamba na misumari, na kilichofungwa na mtu kinaweza kufunguliwa na mtu.

Tarehe 28 mwezi wa pili 2020, serikali na FRPI walitia sahihi mkataba wa amani huko Gety, jirani na Aveba. Kazi ya kufungua haikuishia hapo. Tangu mwezi wa tano 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na wakaaji wa Irumu bado wanasikia habari za makundi yenye silaha. Hawangoji jua lifichwe ili waokoke. Wanapeana muda wenyewe: simu kutoka kijiji cha jirani, ujumbe wa mwendesha pikipiki aliyegeuza njia, mitandao ya tahadhari ambayo MONUSCO ilisaidia kuanzisha katika vijiji vya mashariki.

Adui wa filamu huwapa mateka wake muda kwa sababu ya majivuno. Huku, muda hutolewa na jirani anayeamka usiku na kupiga simu kabla ya kukimbia yeye mwenyewe.