Usilaumu betri bure, kagua viungo vya waya

JE, umewahi kupanda bodaboda usiku, mara taa ya mbele ikazima mkiwa katikati ya mteremko? Mwendeshaji huigonga kwa ngumi ikawaka, mkaenda kitambo kidogo, ikazima tena. Abiria huanza kusali, naye mwendeshaji huilaani betri, balbu na duka alikoinunua.

Mara nyingi vyote hivyo havina hatia. Adui amejificha chini ya kiti au nyuma ya taa, mahali ambapo fundi alikutanisha nyaya mbili, akazisokota kwa vidole na kuzifunga tepu nyeusi. Siku chache za kwanza mambo huwa shwari. Kisha injini hutikisa, joto hulainisha gundi ya tepu, mvua hupenya, na shaba huanza kuota ukoko wa kijani. Kwa wakazi wa Mombasa, Kilifi na Malindi, ambako hewa ina chumvi, ukoko huo hauchelewi.

Kuna watakaosema hili ni jambo dogo. Si dogo. Balbu ya mbele ya wati 35 kwenye betri ya volti 12 huvuta takriban ampea 3. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa nusu omu tu hunyakua zaidi ya volti moja kabla umeme haujafika kwenye balbu. Nuru hupungua kwa karibu thuluthi moja, na wati tatu hivi hugeuka kuwa joto ndani ya kitu kisichozidi ukubwa wa punje ya haragwe. Punje hiyo aghalabu imelala chini ya tangi la petroli. Na ikiwa ni taa ya nyuma iliyozima, dereva wa lori anayekuja kasi hana habari kwamba upo mbele yake, wewe na mama uliyembeba na mtoto wake.

Dawa yake ni vile vichwa vidogo vya chuma ambavyo hubanwa kwenye ncha ya waya, kimoja dume na kingine jike, vikaingiliana. Vipo vya aina nyingi na hapa ndipo wengi hupotea.

Vinavyopatikana kwa wingi katika maduka ya vifaa vya umeme ni vile vyenye vazi la plastiki la rangi. Rangi hizo si mapambo. Vyekundu ni vya nyaya nyembamba, kuanzia milimita mraba 0.5 hadi 1.5, vya buluu ni vya 1.5 hadi 2.5, na vya manjano ni vya nyaya nene za 4 hadi 6. Nyaya nyingi za taa na indiketa katika pikipiki ndogo hazifiki hata milimita mraba moja. Kwa hivyo fundi akikutilia cha buluu kwa sababu vyekundu vimekwisha, waya wako utakaa humo kama mtoto aliyevaa viatu vya babake. Tena plastiki hiyo huficha kazi: huwezi kuona kama shaba imeshikwa au imebembea tu.

Aina bora kwa pikipiki, kwa maoni yangu, ni ile ambayo kiwanda chenyewe hutumia. Haina vazi la rangi. Ina jozi mbili za mabawa yaliyo wazi: jozi ya kwanza huikumbatia shaba, ya pili huikumbatia ganda la plastiki la waya. Hiyo jozi ya pili ndiyo siri yenyewe, kwa kuwa hupokea mtikisiko wote wa injini ili nyuzi laini za shaba zisivunjike. Ubao uliochomekwa kwenye swichi na fyuzi kwa kawaida una upana wa milimita 6.3. Vya mviringo, mfano wa risasi, huwa vya milimita 3.9 katika pikipiki nyingi za Kijapani, ilhali pikipiki kuukuu za Uingereza zilitumia 4.7. Usikisie. Kata kile cha zamani uende nacho dukani, uwe unakwenda Kirinyaga Road jijini Nairobi au duka la sokoni kwenu.

Kuna pia vile vibanio vya plastiki ambavyo huuma waya bila kuuchuna, vinavyopendwa na wanaofunga redio au taa za ziada. Vikwepe. Meno yake hukata baadhi ya nyuzi, na maji hupata mlango.

Sasa tuje kwa koleo. Plaisi ya kawaida huponda kichwa kikawa bapa na kuacha nafasi ndani. Nyundo ni balaa kabisa, ingawa nimeiona ikitumika. Koleo la kubania vichwa vya mabawa lina mdomo ambao huyakunja mabawa yarudi ndani ya nyuzi za shaba, mpaka ukitazama unaona umbo la herufi B. Mdomo wa koleo la vile vya rangi ni wa duara dufu, na haufai kwa vya mabawa. Ukiwa na uwezo, nunua lenye meno ya kujifunga, ambalo halifunguki mpaka umelibana hadi mwisho. Bei yake ni ya juu kuliko plaisi, lakini makanika wawili au watatu wa kituo kimoja wanaweza kuchanga.

Wapo mafundi wazuri wanaoamini lehemu pekee. Kwa redio ya nyumbani, sawa. Katika pikipiki, lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu kama msumari, nao waya hukatika pale ugumu unapoishia.

Kabla ya kubana, kwangua uzi mmoja wa waya mpya kwa kisu. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Mrudishie mwenye duka. Chuna ganda bila kukata nyuzi, bana, kisha uvute kwa mkono kwa nguvu. Kikichomoka, afadhali kichomoke mezani. Kifunike kwa mrija wa plastiki unaonywea kwa joto, hasa ule wenye gundi ndani.

Na upande unaotoka kwenye betri utie jike lililofunikwa, wala si dume, ili vikiachana njiani chuma chenye umeme kisiguse fremu na kuunguza fyuzi.