Vyura wa Matete na wa Mitini: Namna ya Kuwatafuta na Kuwatambua katika Bonde la Rukwa



Mvua za kwanza zinapoanguka mwezi Novemba, sisi tunaoishi Izia na mitaa mingine ya Sumbawanga husikia makelele kutoka mabondeni mara giza linapoingia. Wengi wetu husema tu, "Vyura wanalia," kisha hufunga dirisha na kulala. Hata hivyo, anayetega sikio kwa utulivu atatambua kwamba hiyo si sauti moja, bali ni kwaya yenye sauti nyingi, na kila sauti ina mwenyewe. Katika makala haya tunaeleza habari za waimbaji hao, hasa wale wanaopanda matete na miti: wanapatikana wapi, wanatambulikaje, na kwa nini inatupasa kuwafahamu mapema.

Hofu isiyo na msingi

Tuanze na jambo linalotufunga wengi. Wapo miongoni mwetu ambao, chura akiingia ndani usiku, hudhani ametumwa na mtu. Basi hupigwa ufagio au humwagiwa chumvi, naye hufa kwa mateso, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba na huruhusu maji kupita. Inasikitisha kuona hofu hiyo katika mji ambao jina lake huelezwa kuwa na maana ya "tupa uchawi". Pengine pia tumekaririshwa kuwaona vyura kuwa adhabu tu, kwa kuwa katika kitabu cha Kutoka wao ni pigo la pili la Misri. Ukweli ni mwepesi zaidi: taa huvuta wadudu, na wadudu humvuta chura. Amekuja kula, wala hana ujumbe wa mtu yeyote.

Mahali na majira ya kuwatafuta

Mji wetu uko juu ya nyanda za Ufipa, kwenye kimo cha mita 1,800 hivi, na Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Anayeteremka kutoka Ntendo kwenda Muze huvua koti kabla hajafika chini. Huko bondeni kuna joto, na mito inayoshuka kutoka milimani hutandaa na kufanya tindiga zenye matete na mafunjo, pamoja na mashamba ya mpunga. Hapo ndipo penye utajiri wa vyura wanaopanda.

Hata hivyo, tusikimbilie ziwani. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, na maji yake yana magadi. Vyura wengi hupendelea madimbwi ya mvua, mifereji ya mpunga na tindiga za mito. Dimbwi linalokauka kiangazi lina faida nyingine: halina samaki wa kula viluwiluwi. Kwa hiyo kidimbwi tunachokidharau kando ya njia huenda kikawa na uhai mwingi kuliko ufuo wa ziwa.

Wakati mzuri ni saa moja hadi saa nne usiku, baada ya mvua, tangu Novemba hadi Aprili.

Alama za kuwatambua

Kwanza, tuangalie vidole. Chura anayepanda kwa kawaida ana visahani vidogo kwenye ncha za vidole, ambavyo humwezesha kushika jani linaloteleza. Yule mnene mwenye vipele mgongoni, anayeruka hatua fupi fupi uani, hana visahani hivyo. Wala hana yule mwenye pua iliyochongoka na mikunjo mirefu mgongoni, arukaye mbali majanini.

Pili, tuangalie mboni ya jicho. Vyura wadogo wa matete, ambao wataalamu huwaweka katika jenasi ya Hyperolius, wana mboni iliyolala. Wengi wao hawazidi sentimita tatu au nne. Rangi zao zinachanganya: jamii moja yaweza kuwa na mistari mahali fulani na madoa mahali pengine, na wachanga mara nyingi ni wa kahawia. Kwa sababu hiyo, rangi isiwe ushahidi wetu wa kwanza. Ndugu zao wa jenasi za Leptopelis na Kassina wana mboni iliyosimama, kama ya paka.

Tatu, tusikilize. Dume wa Hyperolius hutoa mlio mfupi, mkali, kama kijiko kinachogonga glasi. Wakiwa mamia, bwawa zima hulia kama njuga. Kassina, mwenye mistari myeusi mgongoni, hutoa sauti kama tone la maji likidondoka ndani ya mtungi. Huyu hutembea na kukimbia kuliko kuruka, na mara nyingi yuko chini kwenye majani huku sisi tukimtafuta juu.

Nne, tutafute mayai. Tukiona povu jeupe likining'inia kwenye tawi juu ya dimbwi, tusidhani ni uchafu. Hicho ni kiota cha chura wa mitini aitwaye Chiromantis xerampelina, mkazi wa savana zenye joto kuanzia Kenya hadi Afrika ya Kusini. Jike hutoa majimaji na kuyapiga kwa miguu ya nyuma hadi yawe povu, kisha hutaga ndani yake. Nje ya povu hukauka, ndani hubaki na unyevu. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Mchana wa jua kali chura huyo hukaa wazi juu ya tawi, ngozi yake ikigeuka kuwa karibu nyeupe ili kurudisha nyuma joto.

Tahadhari za lazima

Tusiende peke yetu, na tukae mbali na kingo za ziwa na mito mikubwa, kwa sababu ya mamba na viboko. Tuvae mabuti: nyoka nao huwafuata vyura, na maji yaliyotuama yaweza kuwa na kichocho. Tochi ishikwe karibu na usawa wa jicho, ndipo macho ya chura yatakapong'aa. Vyura wakinyamaza tunapofika, tusimame kimya dakika chache, wataanza tena. Watu wawili wakisimama mbalimbali na kila mmoja akaonyesha upande ambao sauti inatoka, mwimbaji yuko pale mielekeo hiyo miwili inapokutana.

Si lazima kumshika. Akishikwa, mikono iwe na maji safi, isiwe na dawa ya mbu wala sabuni, naye arudishwe palepale. Mabuti yasafishwe na kukaushwa kabla ya kwenda bwawa jingine, kwani upo ugonjwa wa kuvu unaoua vyura na kusafiri kwa maji na matope.

Funzo la Kihansi

Nchi yetu imekwisha kuonja hasara hiyo. Mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo katika manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Hakujulikana kuishi mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 maji yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, na manyunyu yakapungua. Mwaka 2003 idadi yake ilianguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukaonekana. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokolewa na wachache waliokuwa wamepelekwa kutunzwa Marekani. Wazao wao walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Umeme tunauhitaji. Lakini laiti asingegunduliwa mapema, angetoweka bila hata mtu mmoja kujua kwamba aliwahi kuwapo.

Bondeni kwetu tindiga zinalimwa, na dawa za kuua wadudu huishia kwenye maji yaleyale yenye viluwiluwi. Hatusemi watu wasilime. Mpunga ni chakula cha watoto wetu. Tunasema tuache ukanda wa matete kandokando ya mfereji, na tusioshee mabomba ya dawa ndani ya maji. Katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alikumbusha kwamba hata kuvu, minyoo na wadudu wana nafasi yao katika uumbaji. Chura hakosi yake.

Basi mvua ijayo, kabla ya kufunga dirisha, tuwaite watoto wasikilize. Wakiweza kutofautisha hata sauti mbili tu, hawatakuwa wepesi tena kuokota jiwe.