Anwani ya Kuazima na Anwani ya Kupanga: Istilahi za Ugawaji wa Anwani za IP kwa Wanaojiunga kwa Simu

Makala haya yanaeleza namna kompyuta iliyo mbali, inayojiunga na mtandao kwa kupiga simu kupitia modemu, inavyopata anwani yake ya IP. Yanahoji pia kuwa kivumishi badilifu, kinachomjia mfasiri haraka kuliko vingine, kinapotosha maana ya tendo hilo.

Chanzo chake ni uhaba. Anwani ya IP ya toleo la 4 ina biti 32, hivyo anwani zote zinazowezekana hazifiki bilioni 4.3. Chukulia mtoa huduma mwenye wateja 1,000 na laini za simu 100. Hawawezi kuwamo mtandaoni zaidi ya 100 kwa wakati mmoja, kwa hiyo humtosha kuweka akiba ya anwani 100 na kutoa moja kila simu inapopokelewa.

Namna anavyoitoa inastahili jicho la mwanapragmatiki. Katika utaratibu wa IPCP, uliochapishwa mwaka 1992 na unaotumika ndani ya PPP, kompyuta ya mteja huomba itumie anwani 0.0.0.0. Sifuri hizo ni sawa na kusema “sina, nipe”. Seva hukataa, lakini katika kukataa kwake hutaja nambari inayofaa, tuseme 192.0.2.37. Mteja hurudia ombi kwa nambari hiyohiyo, na hapo ndipo seva hukubali. Kukataa, basi, ndiko kutoa. Fundi anayesoma neno “imekataliwa” katika kumbukumbu za seva aweza kudhani kuwa muunganisho umeshindikana, ilhali mambo yanakwenda sawasawa.

Simu ikikatwa, nambari hurudi katika akiba, na mpigaji mwingine aweza kupewa ileile. Anwani haikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni mwenye kuishika. Ndiyo maana badilifu haifai: inaipa nambari sifa ya mshikaji wake.

Kiswahili kina vitenzi vinavyofaa zaidi. Anayekopa sukari hurudisha sukari nyingine. Anayeazima jembe hurudisha jembe lilelile. Anayepanga chumba hukaa kwa muda uliotajwa, awepo au asiwepo. Mpigaji simu huazima: hakuna muda unaotajwa, na mwisho wa simu ndio mwisho wa haki yake. Utaratibu wa DHCP, uliotangazwa mwaka 1993 na unaotumika sana katika mitandao ya ofisi, ni wa kupanga. Seva hutaja muda, na kwa kawaida kompyuta huomba kuongezewa nusu ya muda huo inapopita. Ikizimwa ghafla bila kuaga, chumba hubaki chake hadi siku zake ziishe. Napendekeza, kwa hiyo, anwani ya kuazima kwa hali ya kwanza na anwani ya kupanga kwa ya pili, badala ya kuzifunika zote kwa kivumishi kimoja.

Tofauti hii ina uzito mpelelezi anapouliza ni nani aliyetumia 192.0.2.37. Kwa msomaji wetu, neno anwani limeshikamana na S.L.P., sanduku ambalo mwenyewe hujulikana mwaka hadi mwaka. Kwa anwani ya kuazima, swali hilo halijibiki bila tarehe na saa, kwani katika jioni moja nambari hiyo yaweza kupita mikononi mwa watu kadhaa. Jibu hutafutwa katika rekodi za mwanzo na mwisho wa kila simu, ambazo watoa huduma wengi wamezitunza kwa utaratibu wa RADIUS. Na hapa lugha huingia tena: shahidi wa Dar es Salaam asemaye “saa mbili usiku” anataja saa 20:00 ya huko, ambayo katika seva inayofuata majira ya UTC imeandikwa 17:00. Mfasiri wa mahakama akiiandika 02:00, atamtaja mtu mwingine kabisa.