Mguu Usiouma Ndio wa Kuogopwa

Aliyekulia Chula, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia, anayajua maumivu ya mguu. Mwamba wa visiwa vile, kuanzia Kismayo kuteremka hadi Ras Kamboni, ni mkali, na wavuvi waliushukia peku maji yalipotoka. Aliyekanyaga miba ya baharini au kuchomwa na taa alikaa chini papo hapo akautazama mguu wake. Vita vya Somalia vya 1991 vikawatoa Wabajuni wengi visiwani. Walipitia Lamu na kambi ya Jomvu, Mombasa, na baadhi wakafika Uingereza. Ugenini wamekutana na maradhi yanayoufanya mguu usiseme kitu: kisukari.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu na ya damu. Ganzi huanzia vidoleni. Baridi ikizidi, mtu huota miguu kwenye hita na asijue kwamba anaungua, au hushinda na kokoto kiatuni hadi jioni. Kidonda kikishachimba ndipo huitwa donda ndugu.

Daktari Paul Brand, aliyefika Vellore, India, mwaka 1946, aliona jambo hilohilo kwa wenye ukoma. Alionyesha kwamba miguu yao haikuwa ikioza yenyewe: asiyehisi huendelea kulikanyaga jeraha. Fikra hiyo ndiyo inayoongoza matibabu ya leo.

Kwa hiyo daktari mpasuaji wa miguu na vifundo haanzi na kisu. Humwambia mgonjwa afumbe macho, kisha humgusa nyayoni kwa uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10, na kumuuliza kama amehisi. Hutafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Kiatu nacho hutiwa mkono ndani. Sugu huchongwa, maana chini yake huweza kuwa na kidonda. Kidonda cha unyayoni mara nyingi hufungiwa plasta hadi chini ya goti, ili uzito wa mwili usielemee pale palipochimbika. Mishipa ya damu ikiwa imeziba, huzibuliwa kwanza. Usaha ndio hausubiri, hupasuliwa upesi.

Kuna hali moja inayowapotosha wengi: mguu kuvimba, kuwa mwekundu na wa moto, bila kidonda na pengine bila maumivu. Hudhaniwa kuteguka, naye mwenyewe huzidi kuutembelea huku mifupa ikivunjika ndani mpaka unyayo ubinuke. Mwenye kisukari akiuona hivyo aache kuukanyaga, aende hospitali siku hiyohiyo.

Huko Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas amefanya kazi kubwa ya kuwafunza madaktari na wauguzi kuiwahi miguu ya aina hii. Nyumbani, udhu ni nafasi nzuri ya kuikagua: kutazama nyayo, kwa kioo ikibidi, na kukausha katikati ya vidole.

Uingereza, mwenye kisukari huchunguzwa miguu bure kila mwaka. Akipata kidonda asingoje miadi hiyo. Mwongozo wa 2015 wa NICE, taasisi ya huko inayotoa miongozo ya matibabu, unataka apelekwe kwa wataalamu wa miguu ndani ya siku 1 ya kazi. Mbajuni anapopiga simu aombe pia mkalimani wa Kiswahili, na wa Kibajuni akipatikana, asije akaletewa wa Kisomali kwa sababu tu ametoka Somalia.